Mzee wa Hatua Hakula Nyama Yetu

Valvu niliifungua mimi. Sitaki mtu aje baadaye aseme nilificha. Nilishika gurudumu lake la chuma kwa mikono yangu hii miwili nikalizungusha mpaka likagoma, kwa sababu mwenyekiti wetu, Mbaabu, alikuwa amesimama kule chini karibu na kioski cha maji, akainua kofia, na hiyo ndiyo alama tuliyokuwa tumepatana. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Kina mama walikuwa wamepanga mitungi ya plastiki kutoka mlango wa kioski mpaka kwenye kahawa ya jirani. Mke wangu Kanana alikuwa wa nne kwa mstari. Nilimwona vizuri. Alikuwa anamcheka mwenzake, mkono mmoja kiunoni.

Kwanza nilisikia sauti kama ya mtu anayepasua gunia kuukuu. Haikuwa kubwa. Nikageuka nikaangalia ukuta wa tangi, na ulikuwa karibu sana nami, nikaona mstari mweusi wa maji unapanda kati ya mawe, unapanda polepole kama njia ya mchwa. Nikajiambia ngoja nifunge. Nilizungusha mara mbili, labda tatu. Halafu ukuta ukatoka. Sisemi ulianguka. Ulitoka, vile mlango unavyotoka ukipigwa teke na mtu mwenye haraka. Maji na mawe yakashuka pamoja kwenda kwa kina mama. Jiwe moja la pembeni lilinivunja mguu wa kulia na ndiyo maana natembea na fimbo. Kanana tulimpata saa nane, chini kabisa kwenye migomba. Walikufa sita. Mmoja alikuwa na mimba.

Watu wakisikia habari hiyo huuliza: kwani hakuna aliyekuja kuangalia hiyo kazi? Alikuja. Alikuja mara tatu. Ni huyo ninayetaka kuandika habari zake, kwa maana miaka sita sikumtoa kichwani. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo anayesoma anivumilie.

Jina lake hatukulitumia. Tulimwita Mzee wa Hatua. Wafadhili waliotupatia simiti na mabomba walikuwa na sheria yao, kwamba mradi haujikagui wenyewe. Kila mkifika mahali pa kugeuka mnasimama, anakuja mtu wa mradi mwingine, mtu asiye na shamba kwenu, wala jamaa, wala mkataba, anaangalia, anaandika moja kati ya mambo matatu: endeleeni, au rekebisheni kwanza, au simameni. Mahali hapo pa kusimama ndipo palipoitwa hatua. Ya kwanza ni kabla ya kuchimba. Ya pili ni msingi ukiisha, kabla kuta hazijapanda. Ya tatu ni tangi likiisha, kabla maji hayajaingia. Sisi tuko juu kidogo ya Mitunguu, ukiacha ndizi za umwagiliaji ukianza kupanda, na tuliletewa yeye kutoka Kibugu, upande wa Embu, huko kwenye majani chai karibu na msitu. Alikuwa foromani wa mradi wa maji wa kwao, na wao walikuwa tayari wanakunywa maji yao.

Sisi nasi tulitakiwa kutoa mtu wa kwenda kukagua wengine. Tulimtoa Mbaabu. Alitumwa upande wa Kianjokoma, akarudi na jogoo wawili na mfuko wa maharagwe, akatuambia huko kazi ni safi. Tulicheka. Hapo tulipaswa kuogopa, lakini tulicheka.

Mzee wa Hatua alikuwa mtu mfupi, koti la suti limechakaa mabega, gambuti miguuni hata wakati wa kiangazi. Kwenye mfuko wake wa turubai kulikuwa na pima maji, timazi, chupa tupu ya soda, na msumari wa inchi sita. Huo msumari ndio mafundi walikuwa wanauchukia. Alikuwa anakwaruza katikati ya mawe mawili, anakinga ule unga kwenye kiganja, anaupuliza. Ukiruka wote kama unga wa ugali, anageuka kwako anauliza kwa sauti ya chini, "Hapa mlichanganya ngapi kwa ngapi?" Na hata kama ulikuwa umejitayarisha kudanganya, ukimwangalia anavyopangusa kiganja kwenye suruali, unasema kweli. Mimi nilikuwa natumikia mafundi wakati huo, nikibeba na kuchanganya. Alinipata mara mbili.

Hatua ya kwanza alikaa juu ya jiwe asubuhi nzima pale Mbaabu alipochagua pa kuchimba. Hakupima kitu. Sisi tumesimama na majembe tunamngoja. Mwishowe akamwita nyanya mmoja aliyekuwa anapita na kuni, akamuuliza ng'ombe wake mvua ikinyesha humpeleka wapi kula. Nyanya akamwambia popote ila hapa, hapa kwato zinazama. Mzee akaandika. Tukaambiwa tusogeze tangi juu zaidi, nje ya mpaka wa shamba la Mbaabu. Maana sikusema: pale pa kwanza palikuwa kwenye kona ya shamba lake, na bomba lingeanzia kwake. Kutoka siku hiyo Mbaabu alimwita "huyo mtu wa Embu", na alikuwa anasema Embu kama anatema kitu.

Jambo lingine ni la lugha. Kiembu na Kimeru si mbali. Mtu wa Kibugu akisema polepole na mtu wa kwetu akisikiliza kwa roho safi, wanaelewana mpaka soko liishe. Yeye alikataa. Akiwa kazini alisema Kiswahili peke yake, kile cha ofisi, kizito, na wazee wetu waliona anajifanya serikali. Siku moja nilimuuliza, tukiwa tunanawa mikono kwenye pipa. Akaniambia, "Kwa lugha ya nyumbani nitakuwa mjomba wa mtu kabla ya saa sita. Kwa Kiswahili mimi ni mgeni. Mgeni anaweza kusema hapana." Wakati huo nilidhani ni majivuno.

Hatua ya pili ndiyo iliyomharibia jina kwetu. Mchanga tulikuwa tunauchota mtoni na kina mama wanaupandisha kwa mgongo, kamba kwenye kipaji cha uso, safari baada ya safari. Kontrakta, Nyaga, mtu wa mjini mwenye pikapu, alikuwa amesema mchanga hauna haja ya kuoshwa, ni kupoteza siku. Mzee akachukua ile chupa ya soda, akaijaza mchanga nusu, akaongeza maji, akatikisa, akaiweka juu ya ukuta. Akakataza mtu yeyote asiondoke. Tulikaa hapo kuangalia chupa kama watu wanaongoja yai lianguliwe. Fundi mmoja akamtania, "Mzee, si uioe basi hiyo chupa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akamjibu, "Ningeioa. Haijawahi kunidanganya." Udongo ulipotulia juu ya mchanga, ulikuwa mnene kama vidole viwili. Akaita wale kina mama waliobeba, si mafundi, si kamati, akawaonyesha. Akawaambia mlichobeba siku hizi zote, robo yake ni matope.

Tulibomoa safu tatu. Kina mama walilia, si kwa huzuni, kwa hasira. Kanana alirudi nyumbani akaniambia shingo yake inauma na huyo mzee hana mke, kwa sababu mwenye mke hawezi kuamuru mgongo wa mwanamke urudie kazi. Nilimwambia ni kweli. Lakini tulirudia, na mchanga tukauosha, na msingi ule mpaka leo uko pale. Nenda ukauone. Kuta zilitoka zikaacha msingi umekaa kama sahani.

Asidhani mtu kwamba alikuwa shujaa. Alikuwa mwoga wa ngazi. Mtu ambaye kazi yake ni kukagua matangi, ukimweka kwenye ngazi, anashika mbao mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Ilibidi mtu apande nyuma yake, amwekee mkono mgongoni, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nasikia moyo wake kupitia koti. Akifika juu anafunga macho kwanza, halafu anayafungua anaanza kukwaruza. Nilimuuliza kwa nini asitume kijana. Akasema akituma mtu, ataandika macho ya mtu huyo na kuweka jina lake mwenyewe.

Na alikuwa na kiredio kidogo. Saa saba mchana kazi inasimama, hata kama uko nusu ya sentensi, anaweka kiredio sikioni asikilize matangazo ya vifo. Yote, ya kila wilaya. Wengine walisema anatafuta mazishi ya kwenda kula. Mimi siku moja nilikaa karibu naye nikaona anavyosikiliza, kichwa kimeinama, hapumui vizuri mpaka yaishe. Nikamuuliza anamngoja nani. Akasema hamngoji mtu, lakini kuna matangi ambayo yeye aliyaandikia endeleeni, na kuna watu wanalala chini yake. Alipozima akashukuru Mungu kwa sauti, akachukua mfuko. Niliona huyu mtu anaishi na hofu ambayo sisi hatukuwa nayo, na badala ya kuuliza kama na sisi tungepaswa kuwa nayo, nilienda kuwasimulia wenzangu, tukamcheka.

Sasa nifike kwenye nyama.

Kila alipokuja kukagua, hakula cha kwetu. Alikuja na chupa yake ya chai na nduma mbili za kuchemshwa kwenye karatasi, anakaa pembeni anakula peke yake. Maji ya kunywa pia alibeba. Mara ya kwanza tulisema labda tumbo. Mara ya pili tukasema labda ni dini. Mara ya tatu, tangi limeisha, limepakwa chokaa nje linang'aa kama jino, kamati iliamua achinjiwe mbuzi. Siku ya ufunguzi ilikuwa imeshapangwa, mkubwa fulani angekuja kutoka Nairobi, na Mbaabu alisema huyu mzee akishashiba nyama yetu atalainika. Kina mama walipika tangu alfajiri. Kanana ndiye aliyesimamia supu.

Mzee alikagua mpaka saa saba. Alizunguka tangi mara nyingi kuliko siku zote. Alikwaruza, akapuliza, akakwaruza. Aliomba kuona risiti za vyuma vya kufungia ukuta, injinia aliyetumwa kwetu, Mutembei, akasema ziko ofisini. Nilipompandisha ngazi hakushuka upesi. Kisha akaandika, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, muda mrefu. Wakaingia stoo ya mabati, yeye na Mbaabu na Nyaga na Mutembei, mlango ukafungwa. Walipotoka, Mbaabu alikuwa amebeba bahasha na anatabasamu. Meza ilikuwa tayari. Wakamwekea mzee mguu mzima wa mbuzi kwenye sinia, mbele ya watu wote. Akasema ahsante, akasema hawezi. Mbaabu akamsukumia sinia. Mzee akalirudisha. Basi akachukua mfuko wake akaondoka.

Kwetu mtu hafanyi hivyo. Ukikataa nyama iliyochinjwa kwa ajili yako, hujakataa nyama, umekataa watu. Kina mama waliacha kugawa supu. Kanana aliniangalia, akasema, "Baba Kendi, huyu mzee anafikiri tutamtilia sumu?" Kufikia jioni ilikuwa imeandikwa barua kwa wafadhili, kwamba mkaguzi huyu anadharau watu wa eneo hili, ana chuki, asiletwe tena, na maneno yake yasifuatwe. Barua ilizungushwa na pedi ya wino. Mimi niliweka dole gumba. Kanana naye akaweka lake, chini ya langu. Karibu kila boma likaweka.

Hatukujua hata maneno yake ni yapi. Tuliomba yasifuatwe bila kuyasikia. Upumbavu huo ni wetu, siwezi kumpa Mbaabu peke yake.

Jumapili Mbaabu akatangaza nje ya kanisa kwamba ripoti imesema endeleeni. Akasema hata yule mzee wa Embu, pamoja na roho yake mbaya, hakupata kasoro. Watu wakapiga makofi. Nami nikapewa kazi ya valvu, kazi ya mshahara, kwa sababu nilijua bomba lote.

Tulianza kujaza. Mwenye kujua kazi atakwambia tangi jipya hulijazi mara moja. Unaweka maji sehemu, unangoja siku kadhaa, unazunguka unaangalia, unaongeza. Mzee alikuwa ametufundisha hilo tangu hatua ya pili. Mutembei akasema hatuna siku hizo, mgeni anakuja. Maji yakaingia siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza, mchana, niliona ukuta upande wa chini umefanya madoa ya unyevu, kama kwapa la shati. Nikamwita Mutembei. Akagusa kwa kidole, akaniambia jiwe jipya lazima linywe kwanza, likishiba litaacha. Siku ya pili madoa yalikuwa yameshikana. Chokaa ilikuwa inaanguka vipande vipande. Nilizunguka lile tangi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa nikiweka mkono ukutani, ninautoa, ninanusa maji, kana kwamba maji yataniambia. Nilirudi kwa Mutembei mara ya pili, nikamuuliza mzee wa Embu angesema nini akiona hivi. Akaniambia, "Si wewe mwenyewe uliweka dole gumba asisikizwe?" Aliniambia hivyo anacheka, ameshika chupa ya soda baridi. Nikarudi kwa valvu yangu. Asubuhi iliyofuata ndiyo ile niliyoanza nayo.

Baadaye walikuja watu wenye magari. Walipiga picha, wakauliza maswali kwa muda wa asubuhi moja, wakaandika kwamba mvua za msimu zililegeza ardhi. Msingi hata haukusogea. Faili, tuliambiwa, ilipotea ofisi ilipohamishwa. Nilipomuuliza Mbaabu ripoti ya hatua ya tatu iko wapi, aliweka mkono begani mwangu, akasema kwa upole, "Baba Kendi, wacha kujitesa. Hata yule mzee wa Embu aliyejifanya malaika, ndiye aliyepitisha."

Kwa hivyo miaka sita nilimlaani Mzee wa Hatua. Kila mguu ukiuma wakati wa baridi nilimlaani. Nilijiambia ile hofu yake ya redioni ilikuwa ni dhamiri ya mtu anayejua anauza.

Mwaka jana binti yetu Kendi, ambaye aliachwa na mama yake akiwa na miaka minane, aliniuliza kitu akiwa anaosha vyombo. Hakugeuka hata kunitazama. Aliuliza, "Baba, wakati ulifungua, kuna mtu alikuwa anajua?" Nikamwambia sijui. Akaendelea kuosha. Nililala nalo hilo neno wiki mbili, kisha nikachukua fimbo yangu nikaenda Kibugu.

Nilimpata akichuma chai, kikapu mgongoni, kwenye shamba dogo lenye mteremko. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba. Alinitambua kabla sijamsalimia, akaangalia mguu wangu kwanza, halafu uso. Nilikuwa nimejitayarisha njiani kwa maneno makali, na niliyasema yote hapo kwenye majani chai. Nikamwambia ana damu ya watu sita. Nikamtajia kila mmoja. Alisikiliza akiwa amesimama, hakutua kikapu. Nilipomaliza akaniuliza polepole, "Nani alikwambia niliandika endeleeni?"

Nikamwambia ni Mbaabu.

Akasema aliandika simameni. Akasema alizoea kutompa mtu karatasi bila kumsomea, ili asiseme hakuelewa, na siku hiyo kwenye stoo aliwasomea wote watatu tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwamba simiti kwenye kuta ni kidogo mno. Kwamba vyuma vya kufungia havimo, alipima kwa kugonga na havimo. Kwamba likijazwa litapasuka upande wa chini, na kioski kihamishwe mara moja. Nyaga alitazama chini. Mutembei akasema ahsante mzee, tutashughulikia. Mbaabu akauliza kama kuna nakala nyingine. Akamwambia hakuna, sheria inasema ripoti ni moja, siri, inapewa mwenye mradi peke yake, ili aweze kurekebisha bila aibu. Basi Mbaabu akaikunja akaitia kwenye bahasha.

Nilikaa chini kati ya michai. Nilikuwa nimebeba mzigo mmoja miaka sita na sasa nimeambiwa ni wa mtu mwingine, na sikuhisi wepesi. Nilihisabu kwa vidole. Kutoka siku ile ya stoo mpaka asubuhi niliyofungua valvu zilikuwa siku tisa.

Nikamuuliza njia aliyopita akiondoka. Akasema alipita pale chini, kwa kioski, kina mama walikuwa wanaosha masufuria. Mmoja alimwambia, "Mzee, hata mchuzi kidogo?" Akamjibu Mungu akubariki, akaendelea. Aliponieleza alivyokuwa amevaa, kitambaa cha njano, nilijua ni Kanana.

"Na hukumwambia."

"Haikuwa yangu kusema. Ilikuwa ya mwenye mradi."

"Mzee, mwenye mradi ni nani?"

Upepo ulikuwa unatoka msituni, baridi, nami nikaona mikono ya mzee inashika majani na kuyaachia bila kuyachuma. Alisema tu kwamba aliandika barua kwa wafadhili baada ya ajali, na akajibiwa kwamba watu wa eneo walikuwa tayari wameshalalamika juu yake. Nilijua barua gani. Sikumwambia dole gumba langu limo. Labda alijua.

Aliniomba nisiondoke hivyo. Nikaondoka hivyo.

Sasa naandika, na majina nayaacha yalivyo. Mbaabu leo ni mzee wa kanisa na hushika kitabu cha sadaka. Nyaga ana duka la vifaa vya ujenzi na anauza simiti. Mutembei alipandishwa cheo, anasimamia miradi ya watu wengine, na sijui kuna kina mama wangapi chini ya hiyo miradi. Na yuko yule wa Kibugu, aliyeona kweli yote, akaiandika vizuri, akaiacha ifungiwe kwenye bahasha, akapita mbele ya mke wangu akamwachia baraka.

Sitaki mfadhili mwingine, wala tume, wala barua ya rambirambi. Nawataka ninyi wanne mje kwetu, mchana, siku watu wako nyumbani, msimame pale kioski kilipokuwa. Mimi nitakuwepo, na nitasema la kwangu kwanza, kwamba nilifungua, na kwamba niliweka dole gumba. Halafu Kendi atakuwa amesimama pale anawaangalia, na mtamjibu yeye, si mimi. Mlikuwa na siku tisa. Mama yake alipita mbele yenu katika hizo siku tisa, na mlimsalimia. Mwambieni mlikuwa mnafanya nini.